Santuri ya Shemegi na Gunia la Mchele

Shemegi yangu alikwenda Minnesota kusoma uhandisi wa maji, akarudi Qurayyat, Oman, na shahada, kikohozi, na mtambo wa kupigia santuri alioununua huko kwenye duka la vitu vikuukuu. Shahada ilitundikwa majlisi. Kikohozi kilitulia kwa tangawizi na asali ya Bi Mkubwa. Ukabaki mtambo, na huo ndio uliotupasulia kioo, ukatuvurugia maandalizi ya Ijumaa, na ukamfanya huyo Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, awe na msimamo mkali kuhusu muziki wa kantri wa Marekani.

Santuri aliyokuja nayo ilikuwa moja tu. Inaitwa Trace, ya kundi la Son Volt, albamu iliyotoka Septemba 1995. Nikamwambia, mbona nyimbo hizo zote zimo kwenye simu, tuzisikilize tu hapa jikoni huku nakata vitunguu. Akanitazama kwa huruma.

"Shemegi," akasema, "huu si muziki wa kukatia vitunguu."

Mizigo yake mikubwa ilikuwa bado Maskati, na siku aliyokwenda kuichukua ilikuwa Juni. Mtu wa Qurayyat ameshaelewa. Wa kwengine nimweleze: tarehe 26 Juni 2018, hapa petu, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24, usiku umo. Wapimaji wa hali ya hewa walisema hawajui mahali pengine duniani ambapo joto la chini kabisa la siku limewahi kuwa juu kiasi hicho. Wageni tukiwahadithia tunajisifu na kulalamika kwa pumzi moja.

Bi Mkubwa alimpigia simu njiani. Pitia sokoni, chukua jodari, mzima, uangalie macho yake. Mwana akatii. Samaki akamnunua, akamtia kwenye boksi la barafu, na boksi akaliweka kiti cha nyuma ambako kiyoyozi kinafika. Santuri iliyokuwa kwenye kiti hicho akaihamishia kwenye buti, isije ikachafuliwa na maji ya samaki. Kisha akakutana na wenzake aliosoma nao skuli. Wakaagiza kahawa na tende, wakaulizana nani kaoa na nani kaacha, na gari likakaa juani.

Jodari alifika nyumbani katika hali njema kabisa.

Santuri ni plastiki, na plastiki ile haihitaji moto wa jiko ili ilegee; buti la gari adhuhuri latosha. Ilipotolewa kwenye jalada, ukingo mmoja ulikuwa umenyanyuka, wa pili umeinama, na ukiiweka mezani inatikisika. Mume wangu aliigeuzageuza, akauliza kama tutie saladi.

Baraza likakaa. Shemegi akatoa hoja yake kitaalamu: kilichopindwa na joto hunyooshwa na joto. Iwekwe santuri baina ya vioo viwili, juu yake uzito, ipate jua ilegee, kisha iachwe ipoe pole pole bila kuguswa. Nami nasema hoja ilikuwa sawa. Wapenzi wa santuri kwengine hufanya hivyo hivyo. Ila aliposema "mpaka ipoe", mimi na mume wangu tulitazamana. Kupoa! Juni! Qurayyat!

Vioo vilipatikana kwenye meza ya wifi yangu, ile ya sebuleni yenye vioo viwili, cha juu na cha chini, aliyotuachia tumtunzie alipohamia Maskati. Uzito ulikuwa gunia la basmati la kilo 20, na juu ya gunia kinu. Vyote vikapandishwa juu ya paa, na kila mtu akaambiwa visiguswe. Kila mtu, ila Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amelala baada ya sala ya adhuhuri, na hakuna aliyethubutu kumwamsha kwa habari ya sahani ya muziki.

Alasiri ikaja simu kutoka Sur: jamaa wanakuja kula Ijumaa, nao ni wengi. Bi Mkubwa akaamka na amri zake. Dada wa Kericho anayetusaidia kazi akatumwa akalete mchele autoe mawe. Stoo haupo. Akauliza huku na huku, watoto wakamwonyesha juu. Akapanda, akaona gunia la mchele limelala juani na kinu juu yake, na hakuuliza kitu. Katika nyumba yetu ameshaona mengi. Akakishusha kinu juu ya kioo kitupu, akajitwika gunia, akateremka. Kinu nacho kikajiviringisha taratibu mpaka kwenye pembe, na pembe ikapasuka.

Ndani ya santuri, kazi ilikuwa imefanyika nusu. Kingo zilikuwa zimelala, lakini wimbi moja dogo lilibaki, limekatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Nimemsomesha mwana Marekani," Bi Mkubwa akasema, hakumtazama mtu, "aje aniwekee mchele wangu juani."

Ulibaki umeme. Mtambo ulikuwa wa volti 120, wetu huku ni 240, na mume wangu akapata transfoma ya kushushia. Ukawashwa, sahani ikazunguka, sote tukapiga makofi. Sauti ilipotoka, ilikuwa ya mtu anayezungumza akitoka usingizini. Shemegi akakuna kichwa, kisha akakumbuka kitu ambacho angeweza kukikumbuka akiwa dukani Minnesota: umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wa Oman mara 50. Transfoma hushusha volti tu, mapigo huyaacha kama yalivyo, na mota za mitambo ya zamani namna ile huenda kwa kufuata mapigo. Santuri iliyotakiwa izunguke mara 33 na theluthi kwa dakika, kwetu haikufika 28.

"Wewe," mume wangu akamuuliza, "mhandisi wa nini hasa?"

"Wa maji."

Wimbi la santuri lilikuwa likiirusha sindano, kwa hivyo mkono wa mtambo ukabandikwa sarafu ya baisa 50 uwe mzito. Na kwa mpango huo, muziki uliopinda, uliochelewa, na wenye sarafu kichwani, tukaisikiliza Trace.

Sasa niuseme muziki wenyewe, maana nao una haki yake. Wimbo wa kwanza, "Windfall", unaanza kwa gitaa kavu, halafu inaingia fidla, halafu linakuja lile gitaa la chuma. Hilo halikumbatiwi kama magitaa mengine. Limelazwa juu ya miguu yake kama meza, mpigaji amekaa nyuma yake. Mkono mmoja unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, nyayo zinakanyaga pedali, magoti nayo yanasukuma vishikizo vilivyo chini yake. Fikra ya kutelezesha chuma juu ya nyuzi ilitoka visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuianzisha ni Joseph Kekuku. Sauti ya gitaa hilo haipandi ngazi moja moja. Inateleza, inakaribia pale unapoitarajia, inasita, ndipo inafika. Katika albamu hii mpigaji ni Eric Heywood. Fidla na banjo ni za Dave Boquist, ambaye nduguye Jim yuko kwenye besi.

Bi Mkubwa alikuwa akichambua mchele wake kwa hasira. Fidla ilipoingia alisita.

"Nani huyo anapiga fidla?"

Mtu aliyelelewa na taarab humwambii fidla ni nini. Na hapo jua la Juni likatufanyia jambo ambalo halikukusudiwa. Santuri yenye wimbi huifanya sauti ipande na ishuke kila inapozunguka, kwetu kila sekunde mbili na kidogo. Piano ingelia vibaya mno kwa namna hiyo. Lakini kwenye gitaa la kuteleza na fidla ya kulia, huwezi kusema mpigaji ameishia wapi na buti la gari limeanzia wapi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wimbo wa nne, "Route". Baada ya utulivu wote ule, magitaa yakanguruma kwa pamoja, ngoma zikapigwa kama zinadaiwa, na mume wangu akaruka kwenda kuchomoa waya akijua transfoma imeungua.

"Acha!" shemegi akapiga kelele. "Ndivyo ulivyo!"

Ndipo akatueleza, huku amesimama mbele ya plagi kuilinda. Mwimbaji ni Jay Farrar, mtu wa Belleville, Illinois. Ujanani yeye na mwenzake Jeff Tweedy walipenda panki, muziki wa fujo na haraka. Kundi lao liliitwa Uncle Tupelo, na mwaka 1990 walitoa albamu No Depression, jina walilolichukua kwenye wimbo uliorekodiwa na Carter Family mwaka 1936. Nyimbo za umri wa babu zao waliziimba na zao pamoja, kwa kelele za rika lao, na watu wakakosa kabati la kuzitia. Wengine wakasema kantri mbadala. Mwaka 1994 wakaachana. Tweedy akaunda Wilco, wakatoa albamu yao ya kwanza Machi 1995. Farrar akamrudia Mike Heidorn, mpiga ngoma wa mwanzo wa Uncle Tupelo, wakaunda Son Volt na hao ndugu Boquist.

"Waliachana kwa nini?" Bi Mkubwa akauliza.

"Hawakuelewana tu."

"Ah." Kwao Zanzibar ameona vikundi vingi vikigawanyika, hakuhitaji zaidi.

Farrar wakati huo alikuwa akikaa New Orleans, na wenzake walikuwa mbali kaskazini, kwa hivyo alikuwa mtu wa kuendesha gari, masaa kwa masaa, akiufuata mto Mississippi. Albamu ilirekodiwa Northfield, Minnesota, mwishoni mwa 1994. Ukisikiliza unaliona hilo: nyimbo za barabara, za usiku, za mtu aliyetoka mahali na hajafika. Mimi kinachonivuta hasa ni mpangilio. Inakutuliza mpaka unajinyoosha, halafu inakuamsha, halafu inakutuliza tena, na kila mara ule utulivu unakuwa na uzito zaidi kwa sababu umeshajua kuna nini nyuma yake. Pia napenda kwamba Farrar haombi kupendwa. Anaimba kama anayesema kweli yake na kesho kazini. Upande wa pili, nakiri, nyimbo nzito zinafanana, na mmoja ningeuondoa bila kuukumbuka. Maneno yake nayo mengi ni fumbo, na si kila fumbo lina kitu ndani.

Dada wa Kericho alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Tukadhani anangoja kugombezwa kwa ajili ya kioo. Kumbe anasikiliza.

"Huyu ana huzuni, lakini halii," akasema. "Jim Reeves analia kidogo."

Kwao Kenya, alitueleza, kantri si ngeni hata kidogo; Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wamo redioni na harusini, na wako Wakenya wanaouimba wenyewe, kama Sir Elvis Otieno. Kisha akatutolea hadithi iliyomkalisha shemegi chini. Zamani sahani za Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefariki 1933, zilifika nchi ya Wakipsigis, na jina lake likageuka likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi ngoma na nyimbo, alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wakimwimba Chemirocha kwa kinubi chao, amekuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Mwaka 2014 nakala za nyimbo hizo zilirudishwa huko huko, na wazee waliokuwamo walikuwa bado wapo wa kuzisikia.

Shemegi alichangamka mno. Rodgers! Rodgers na hao Carter Family walirekodiwa kwa mara ya kwanza wiki moja, mji mmoja: Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, mwanzoni mwa Agosti 1927. Kampuni ya Victor ilimtuma Ralph Peer kutafuta sauti za watu wa milimani, kwani watu hununua sahani zinazoimba kama wao.

"Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928," Bi Mkubwa akasema.

"Kweli, Mama. Miezi michache tu baadaye. Na sababu ni ile ile, kampuni inataka—"

"Na sahani zake zilifika kila nyumba. Huyo Rodgers wenu kwetu Unguja sikumsikia."

Hakuna aliyembishia. Akaamuru wimbo wa kwanza urudishwe.

Hapa ndipo ule umeme wa mapigo 50 ulipofanya kazi nyingine. Bi Mkubwa alisoma Kiingereza skuli Unguja, na Kiingereza chake ni cha walimu wa zamani, cha kutamka kila herufi; filamu za siku hizi haziwezi, zinamkimbia. Lakini Farrar aliyepunguzwa mwendo alimwelewa neno kwa neno. Ulipofika mahali fulani akainua mkono.

"Kasema sitini na tatu?"

Shemegi akasema ndiyo. Ndani ya wimbo ni usiku, mtu yuko barabarani, anapata stesheni ya mbali kutoka Louisiana, na muziki unaotoka unamrudisha mwaka 1963.

Bi Mkubwa mwaka huo alikuwa msichana wa skuli. Kwao kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha mkono, jioni inatolewa barazani. Disemba tarehe 10 Zanzibar ikapata uhuru, kukawa na taa na bendera. Januari tarehe 12 yakaja mapinduzi. Baba yake alizitia sahani kwenye kasha la nguo, kasha likawekwa kwa jirani mpaka mambo yatulie, na wao hawakurudi kulichukua. Oman walikuja baadaye, Sultani Qaboos alipokuwa ameshika nchi mwaka 1970 na kuwaita waliotawanyika. Yote haya mimi nilikuwa nayajua vipande vipande, kama mke wa mwana anavyojua. Ya kasha la sahani nilikuwa sijayasikia, na mume wangu naye, nilivyomwona, alikuwa hajayasikia.

Kisha akauliza nani kaacha jodari bila kufunikwa, na sote tukakimbilia jikoni.

Wimbo wa tatu, "Tear Stained Eye", ulileta mengine. Unautaja mji wa Ste. Genevieve, Missouri, ulio ukingoni mwa Mississippi. Mwaka 1993 mto ule ulifurika kwa namna ambayo wengi hawakuwahi kuiona, na watu wa mji walijenga kuta za mifuko ya mchanga usiku na mchana kuyazuia maji. Shemegi hakuhitaji kueleza sana. Qurayyat tuna kimbunga Gonu. Juni 2007 maji yalituingia kutoka pande mbili, wadi ikishuka na bahari ikipanda, barabara zikakatika, na friji ya nyumba hii ilikutwa imelala kwenye bustani ya mtu mwengine.

"Sasa tuna bwawa la Wadi Dayqah, Mama," akasema mwanawe, mhandisi akimtoka puani. "Kimo chake mita 75. Linabeba mita za ujazo milioni 100."

"Lilifunguliwa lini?"

"2012."

"Friji yangu iliondoka 2007."

Siku ya pili yake shemegi akataka kutenda haki. Alisema si uungwana kumhukumu msanii kwa mtambo mbovu. Akaunganisha simu yake na spika, akaipiga Trace kama ilivyorekodiwa: mwendo wake, sauti yake, haina wimbi wala sarafu. Na kweli ilikuwa safi. Magitaa yaling'ara, na mimi nilisikia sauti ndogo ndogo ambazo kwenye santuri yetu zilikuwa zimezama.

Bi Mkubwa aliweka kikombe chini.

"Anakimbizwa na nani huyo?"

"Hakimbizwi, Mama. Hii ndiyo sawa. Jana ndiyo ilikuwa makosa."

"Huyu kijana. Mimi namtaka yule mtu mzima wa jana."

Na tangu hapo simu ikapigwa marufuku. Jamaa wa Sur walipokuja Ijumaa, walikula biriani ambayo mchele wake umepata jua kuliko mchele wowote wa pwani hii, wakanywa kahawa, wakasikilizishwa upande mzima kwa mwendo wa Qurayyat. Mjomba mmoja aliuliza kama huyo mwimbaji ni mgonjwa. Mkewe akamwambia anyamaze.

Wifi alifika kutoka Maskati mchana huo huo. Aliiona pembe ya kioo kabla hajavua abaya. Kesi ilisikilizwa sebuleni, washitakiwa watatu: shemegi kwa fikra, mume wangu kwa kubeba, na dada wa Kericho, ambaye Bi Mkubwa alimfutia mashitaka papo hapo kwa kuwa alitumwa na yeye. Ikaamuliwa shemegi alipe kioo kipya kutoka mshahara wake wa mwanzo.

Hapo shemegi akaomba neno. Ameona kifaa, akasema, kinachobadilisha mapigo ya umeme yakawa 60. Bei yake inazidi ya meza nzima, lakini kikipatikana, mtambo utakwenda kama inavyotakiwa. Labda kioo kingojee kidogo. Wifi akatazama dari. Mume wangu akasema yeye anachangia kimoja tu, kioo au mapigo, wachague.

"Kioo," akasema Bi Mkubwa. "Na hicho kifaa kisiingie hapa."

"Lakini Mama, huo si mwendo wake."

"Mwendo wa nani?"

"Wa mwimbaji."

"Mwimbaji yuko Marekani. Hapa kwangu. Geuza upande wa pili."